Kichuguu: kupambana na maonyo ya staki inayoendeshika (shajara, Oktoba 2025)

Kichuguu ni kakeneli kangu (keneli ni moyo wa mfumo endeshi) ka kujifunzia, x86 ya biti 64, nakaandika jioni na wikendi. C nyingi, asembli kidogo, na kuna programu moja ya pembeni inaitwa fungasha ambayo inakusanya keneli na mafaili mengine kuwa imeji moja ya kubutia. Hii shajara naweka kwa ajili ya atakayekutana na haya maonyo asipite nilikopita mimi. Vile vitu vya kawaida nimevifupisha, nilipochemka ndo nimeandika kwa kirefu.

Jumamosi 4 Oktoba

Nimepandisha laptopu kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04, bando limeliwa zaidi ya GB 2 na usiku umeishia hapo. Binutils (humo ndo kuna asembla na linka, ile inayounganisha mafaili ya .o kuwa programu moja) imetoka 2.38 kwenda 2.42, gcc, kompaila ya C, kutoka 11 kwenda 13. Nikapiga make nione kama mambo yako sawa, keneli ikajengeka vizuri tu ila chini kabisa ikanitupia hivi:

`ld: warning: build/anza.o: missing .note.GNU-stack section implies executable stack`
`ld: NOTE: This behaviour is deprecated and will be removed in a future version of the linker`
`ld: warning: kichuguu.elf has a LOAD segment with RWX permissions`

Kodi ni ileile ya mwezi jana, sijagusa hata mstari. Kumbe haya maonyo yaliingizwa kwenye binutils 2.39 ya Agosti 2022, mimi nilikuwa nyuma toleo moja tu ndo maana sikuwahi kuyaona. Tatizo lilikuwepo miaka yote, linka ilikuwa inaninyamazia.

Kwa ambaye hajawahi kugusa haya mambo: staki ni sehemu ya memori ambapo funksheni zinaweka vitu vyao vya muda pamoja na anwani ya kurudia zikimaliza. Ni data, prosesa haina shughuli ya kwenda kuchota amri pale. Ila kama staki inaruhusu kuendeshwa, basi mtu akipata bafa isiyolindwa anaijaza amri zake, anageuza ile anwani ya kurudia ielekee kwenye hizo amri, na mashine inamtii yeye. Mdudu wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni Novemba 1988, aliingia kwenye mashine za VAX kwa njia hiyohiyo, kupitia huduma ya fingerd. Dawa kwenye chuma ni biti ya NX (no-execute, inakataza kuendesha amri kwenye sehemu fulani ya memori), AMD waliileta 2003 na prosesa zao za biti 64, Intel wakafuata 2004.

Sasa linka inajuaje programu yako inataka staki ya aina gani? Inaangalia kila faili la .o kama lina sekisheni inaitwa `.note.GNU-stack`. Sekisheni yenyewe ni tupu kabisa, haina hata baiti moja, kuwepo kwake tu ndo ujumbe. Ukiandika C, gcc inaiweka bila kukuuliza. Ukiandika asembli kwa mkono hakuna anayekuwekea, na kwenye x86 linka ikikuta faili halina inadhani hili ni la zamani labda linahitaji staki iendeshike, basi programu nzima inapewa ruhusa. Faili moja tu! Samaki mmoja akioza, na hapa sio methali, ndo utaratibu wenyewe.

Jumapili 5 Oktoba

Leo nimefanya ujinga, nauandika wote.

Nikatafuta njia fupi, nikaona ukimpa linka `-z noexecstack` maonyo ya staki yanaondoka. Na kweli, hata keneli ya Linux yenyewe mwaka 2022 waliweka hiyo flagi pamoja na `--no-warn-rwx-segments` kwenye vdso (kodi ndogo ambayo keneli inazipa programu) na sehemu ya kubutia, nikasema kama wakubwa wamefanya mimi ni nani. Nikaibandika juu kabisa ya Makefile ili ishike kila kitu, keneli pamoja na fungasha. Make ikapita kimya, safi, nikaenda kula.

Kurudi, fungasha inakufa. Segmentation fault, kila mara, palepale inapoanza kupanga mafaili kwa ukubwa. Jana ilikuwa inafanya kazi!

Saa mbili na nusu zimeenda hapa. Kwanza nilidhani ni gcc mpya imeharibu kitu, nikashusha optimaizi hadi -O0, wapi. Nikaweka printf kila kona, nayo inakufa ndani ya qsort, funksheni ya C ya kupanga vitu, sasa utamlaumu qsort kweli? Mwisho nikaingia gdb ya kuchunguza programu, na kilichonifungua macho ni rip, rejista inayoonyesha amri inayofuata, ilikuwa `0x7ffe` na kuendelea. Hiyo ni anwani ya staki! Prosesa ilikuwa imetumwa kwenda kuendesha kodi kwenye staki. `x/4i $rip` ikanionyesha amri nne nilizokuwa sijaziandika popote: endbr64, movabs kwenda r11, movabs kwenda r10, halafu jmp kwenda r11.

Ndo nikakumbuka. Kwenye fungasha nilikuwa na funksheni ndani ya funksheni, gcc inaruhusu, nilifanya hivyo ili ile ya ndani ya kulinganisha ione kigezo cha ile ya nje, halafu nikampa qsort anwani yake. Sasa anwani ni namba moja tu, itabebaje pia habari ya vigezo vya nje viko wapi? gcc inatatua kwa kuandika kodi ndogo kwenye staki wakati programu inaendeshwa, kodi hiyo inaweka ile habari kwenye r10 kisha inaruka kwenye funksheni yenyewe. Wanaiita trampolini. Ili ifanye kazi staki lazima iendeshike, kwa hiyo gcc ilikuwa inaandika kwenye lile faili sekisheni ya `.note.GNU-stack` yenye alama ya x, yaani "mimi nahitaji kweli". Flagi yangu ikamfunika mdomo na linka hakusema neno.

Ningesubiri dakika moja kabla ya kubandika flagi, linka mpya ingeniambia yenyewe, maana kwa fungasha onyo ni tofauti kabisa: `requires executable stack (because the .note.GNU-stack section is executable)`. Ile ya kwanza inasema "sijaambiwa kitu", hii inasema "nimeambiwa nahitaji". Usizichanganye. Ya kwanza unajaza fomu, ya pili unabadilisha kodi.

Dawa: nikatoa funksheni ya ndani nje na kutumia qsort_r, ambayo inakubali kigezo cha ziada cha kubeba hayo mambo. Mistari 9 imebadilika. gcc 14 ina `-ftrampoline-impl=heap` inayohamisha trampolini kutoka kwenye staki, lakini mimi niko 13 na hata hivyo qsort_r ni safi zaidi. Nimeweka pia `-Wtrampolines` isinipige chenga tena.

Kitu cha kuchekesha, kwenye kompyuta ya zamani ambayo bado ina 22.04 nilipiga dmesg, inayoonyesha ujumbe wa keneli, nikakuta `process 'fungasha' started with executable stack`. Linux ilikuwa inaniambia muda wote, mimi ndo sikuwa nasoma.

Nimeitoa ile flagi ya juu ya Makefile. Gharama ya leo: jioni nzima na chakula kilichopoa.

Jumamosi 11 Oktoba

Mafaili ya asembli. Nina 14 ya gas na 2 ya nasm, hizi ni asembla mbili tofauti. Mstari wa kuongeza ni huu:

`.section .note.GNU-stack,"",%progbits`

Tumia % sio @, kwa sababu kwenye ARM ya biti 32 alama ya @ inaanzisha komenti na kila kitu baada yake kinamezwa. Kwa nasm ni `section .note.GNU-stack noalloc noexec nowrite progbits`.

Kosa la kwanza: nilirekebisha anza.S tu, nikapiga make, linka ikalalamikia kubadili.S. Nikarekebisha hilo, ikalalamikia lingine. Nilifanya hivi mara nne kama mtu anayefukuza panya kabla sijashtuka kwamba linka inataja jina la faili moja tu kila inapolinki, hata kama wakosaji ni kumi. Fanya hivi upate orodha yote kwa mpigo:

`for f in build/*.o; do readelf -SW $f | grep -q note.GNU-stack || echo $f; done`

Kosa la pili ndo lilikuwa tamu. Kwa uvivu nikatumia sed kuingiza ule mstari kwenye mafaili yote, ila nikauweka mstari wa kwanza badala ya wa mwisho. Mengi yakakubali kwa sababu yanaanza na `.text`. Mawili hayana `.text`, niliandika kodi moja kwa moja tangu siku ya kwanza maana asembla inaanza kwenye .text yenyewe. Sasa sekisheni ikishabadilishwa juu, kila kinachofuata kinaingia humo! Kodi yangu ya kubadilisha michakato ikawa imeandikwa ndani ya karatasi ya kumbukumbu, na asembla haikusema kitu. Bahati yangu skripti ya linka inatupa sekisheni zote za .note, kwa hiyo nikapata era badala ya kupata keneli inayoruka kusikojulikana:

`defined in discarded section '.note.GNU-stack'`

Nimeisoma hiyo era mara tatu nikidhani linka imechanganyikiwa. Mstari unakaa mwishoni mwa faili, basi. Na hayo mafaili mawili nimeyapa `.text` yao rasmi.

Baada ya hapo likabaki faili moja, fonti.o, na hilo halina asembli wala C. Ni fonti ya skrini niliyoigeuza kuwa .o kwa `objcopy -I binary`. objcopy haiweki hiyo sekisheni. Nimeachana nayo, nimeandika faili la asembli la mistari 6 lenye `.incbin` ya fonti na ule mstari wetu chini. Linka kimya, na safari hii kimya cha halali.

Muda: saa moja na nusu, na nusu yake ni ya sed.

Jumanne 14 Oktoba

Leo Nyerere Dei, mapumziko, umeme upo tangu asubuhi, nimeshika lile onyo la RWX. Hili halihusu staki moja kwa moja ila ni ndugu yake: kipande kimoja cha keneli kinasomeka, kinaandikika na kinaendeshika vyote kwa pamoja. Sababu ni skripti yangu ya linka, nilikuwa nimeweka .text, .rodata, .data na .bss zikifuatana bila kupanga kurasa (vipande vya memori vya baiti 4096), linka ikaona vyote viko kwenye ukurasa mmoja ikavifunga pamoja na kuvipa ruhusa za kila mmoja wao.

Nikaandika vipande mwenyewe:

`PHDRS { kodi PT_LOAD FLAGS(5); soma PT_LOAD FLAGS(4); data PT_LOAD FLAGS(6); }`

halafu `. = ALIGN(4096);` kabla ya kila kundi, na `:kodi`, `:soma`, `:data` mwishoni mwa kila sekisheni. Namba ni kama za chmod, 4 kusoma, 2 kuandika, 1 kuendesha.

Onyo likaondoka, nikafurahi, nikabuti QEMU, mashine ya kuigiza. GRUB, inayopakia keneli, ikasema: `error: no multiboot header found.` Heee.

Nilikuwa nimeweka .rodata ianze kabla ya .text kwa sababu nilitaka ionekane vizuri, na .rodata yangu ina nembo na fonti, zaidi ya KB 60. Heda ya Multiboot2, alama ambayo GRUB inaitafuta, lazima iwe ndani ya baiti 32768 za kwanza za faili, mimi nikaisukuma nyuma ya picha ya kichuguu. Nimeirudisha .text mbele na heda ndo kitu cha kwanza kabisa ndani yake, na KEEP juu linka isiitupe. Faili limenenepa kidogo kwa sababu ya kupanga kurasa, sio la kulilia.

Jumapili 19 Oktoba

Hapa ndo nilipokuwa nakimbia tangu mwanzo. Usiku wa Ijumaa nilijiuliza swali dogo: hizi ruhusa tulizoziandika kwenye ELF (muundo wa mafaili ya programu), kwenye Kichuguu nani anazisoma? Jibu ni hakuna. Kwa fungasha Linux inasoma heda ya GNU_STACK na kuitii. Lakini kwenye keneli yangu mimi ndo Linux! Loda yangu ilikuwa inachora kila ukurasa "upo, unaandikika" bila hata kuangalia ELF imesema nini. Wiki mbili nimekuwa nasafisha cheti kilichotundikwa ukutani.

Kwanza nikaandika jaribio, maana bila jaribio ni maneno tu: weka baiti ya 0xC3 kwenye staki, ambayo ni amri ya ret, kisha iite kama funksheni. Kabla ya kugusa chochote, ikaenda ikarudi salama bila wasiwasi. Aibu tupu.

Kwenye majedwali ya kurasa NX ni biti ya 63. Nikaiweka kwenye kurasa zote za staki na data, nikabuti, mashine ikajizima na kuwaka, kujizima na kuwaka. IDT, jedwali la kushughulikia hitilafu, ilikuwa bado haijawekwa kwa hiyo hitilafu ya kwanza inageuka tripo folti. Nikawasha QEMU na `-d int -no-reboot` na kupata `v=0e e=000b`. Changanua: 0e ni peji folti, na b ni 8+2+1, yaani ukurasa upo, ilikuwa kuandika, na kuna biti iliyohifadhiwa imewekwa. Biti iliyohifadhiwa? Ndiyo, biti ya 63 ni halali tu ukiwa umewasha NXE, biti ya 11 ya EFER, rejista ya mipangilio ya prosesa, MSR 0xC0000080. Mimi nilikuwa naiwasha ndani ya C, baada ya kupakia CR3, rejista inayoelekeza kwenye majedwali ya kurasa. Nimehamishia kwenye anza.S, palepale ninapowasha LME (biti ya kuingia biti 64), kabla ya majedwali mapya.

Ikabuti. Jaribio likatoa `e=0011`, ambayo ni ukurasa upo na kosa ni kuchota amri. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni.

Halafu nikaweka `-smp 2`, yaani viini viwili vya prosesa. Kifo. Kifo kilekile, e=000b. Sikuelewa kwa karibu saa nzima kwa sababu kiini cha kwanza kilikuwa kizima kabisa. EFER ni ya kila kiini peke yake! Kiini cha pili kinaamka na EFER yake tupu, kinapita njia yake ya kuwaka ambayo niliiandika mwaka jana, nako kuna LME lakini hakuna NXE. Mstari mmoja.

Mwisho nikapeleka kwenye desktopu ya mtumba, inajiwasha upya milele. Safari hii NX ilikuwa imezimwa kwenye BIOS, na ukiandika NXE kwenye prosesa isiyo nayo unapata hitilafu ya general protection. Sasa anza.S inaiuliza prosesa kwanza kwa amri ya CPUID, 0x80000001, EDX biti ya 20, isipokuwepo keneli inaandika onyo kwa herufi kubwa na kuendelea bila NX. Nimeiwasha NX kwenye BIOS pia.

Gharama: Jumamosi yote, Jumapili nusu, LUKU nimeongeza mara moja.

Jumamosi 25 Oktoba

Jamaa yangu mmoja anayeifuata hii kazi akanitumia meseji: "Mkuu, simuleta yako imegoma kwangu." Nikamjibu tuma ulichokiona mzee, akatuma:

`cannot enable executable stack as shared object requires: Invalid argument`

Yeye yuko Debian 13, yenye glibc (maktaba ya C) 2.41. Simuleta, programu yangu nyingine, inapakia plagini ya .so (kipande cha kuongezea) ikiwa inaendeshwa, kwa funksheni ya dlopen, plagini nilimpa mimi mwezi wa 8 ikiwa imejengwa kwenye mashine ya zamani, na ndani yake kuna faili moja la asembli lisilo na noti. Zamani dlopen ilikuwa inaigeuza staki ya programu nzima kuwa inayoendeshika ili kumridhisha huyo mgeni mmoja, kuanzia 2.41 inakataa. Nikamjengea upya na mafaili ya sasa, ikapakia. Nikamwambia asitumie ile ya zamani, akasema ameshaifuta.

Nilichoacha kwenye Makefile: `--fatal-warnings` kwa linka, `-Wtrampolines -Werror` kwa C, ile for ya readelf inayosimamisha ujenzi ikipata jina lolote, na jaribio la 0xC3 linaloendeshwa QEMU kwa kiini kimoja na kwa viwili. `-z noexecstack` haipo popote.

Loda ya programu za kawaida sasa inasoma ruhusa za kila kipande kwenye ELF, na ikikuta GNU_STACK yenye RWE inakataa kupakia, hakuna msamaha.

Kimebaki kitu kimoja. Ile kodi ya kuamsha kiini cha pili lazima ikae chini ya MB 1, na kwangu ipo 0x8000, nainakili pale kwanza kisha inaendeshwa, kwa hiyo ukurasa ule bado ni RWX. Nimepanga uwe wa kuandikika wakati wa kunakili, ugeuzwe wa kuendeshwa tu kabla ya kutuma SIPI (ishara ya kuamsha kiini), na uondolewe kabisa viini vyote vikishaamka. Nimejaribu mara moja jana usiku nikasahau invlpg (amri ya kuifanya prosesa isahau ruhusa za zamani za ukurasa), nitarudi wikendi ijayo.